Kabla Mwananchi Hajabonyeza Kitufe

Leo tuizungumzie kazi ambayo ikifanywa vizuri hakuna anayeiona, na ikiachwa, wa kwanza kujua ni mwananchi aliyeshika simu yake akisubiri ukurasa ufunguke. Ni kazi ya kujaribu mifumo ya intaneti kabla haijamfikia mtumiaji. Nazungumzia hasa kuijaribu kwa programu nyingine iliyoandikwa makusudi: inafungua kivinjari, inajaza fomu, inabonyeza vitufe, kisha inalinganisha kilichotokea na kilichotakiwa kutokea. Tuyaite majaribio ya utendaji yanayojiendesha. Hoja yangu ni kwamba timu inayobadilisha mfumo wake kila wiki mbili bila majaribio ya namna hii imemgeuza mtumiaji kuwa mjaribu wake, na haijamwambia wala haimlipi. Kwa hiyo gharama ya majaribio hayo ihesabiwe ndani ya bei ya kila kipengele kipya, isiachwe ikawa kazi ya ziada ya siku nafasi itakapopatikana.

Kuna wakati tovuti ilikuwa mahali pa kusoma habari za taasisi tu: anwani, picha ya mkurugenzi, saa za kazi. Ikiharibika, hasara yake ilikuwa aibu. Siku hizi mambo yamegeuka. Nchini Kenya, anayetaka pasipoti au cheti cha kuzaliwa anaanzia kwenye tovuti ya eCitizen. Nchini Tanzania, malipo ya serikali yanapitia mfumo wa GePG, ulioanza mwaka 2017, na asiye na namba ya kumbukumbu ya malipo hahudumiwi. Mwanafunzi anaomba mkopo wa masomo kwa fomu ya mtandaoni, na mfanyabiashara anawasilisha ritani ya kodi kwa njia hiyo hiyo. Fomu ikikataa kupokea jina la mtu, au ikipokea malipo bila kutoa risiti, mtu huyo hana dirisha la pili la kwenda kugonga. Katika hali kama hii, ubora wa programu ni suala la haki ya kuhudumiwa, na hatuwezi kuliachia mafundi peke yao.

Hebu tuuangalie mtindo wa kazi wenyewe. Mwezi Februari mwaka 2001, waandishi wa programu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakaandika tamko fupi kuhusu namna bora ya kutengeneza programu. Kutokana na tamko hilo likaenea jina la ajaili, yaani kufanya kazi kwa mizunguko mifupi, ya wiki moja hadi nne hivi, na kila mzunguko uishe kwa kitu kinachofanya kazi ambacho mteja anaweza kukiona na kukitolea maoni. Mtindo wa zamani ulikuwa wa kukusanya mahitaji, kuchora, kuandika msimbo kwa miezi au hata miaka, kisha kujaribu mwishoni. Wengi waliupokea mtindo mpya kwa sababu ya kasi yake, wakasahau sharti lililokuja nao. Kent Beck, mmoja wa wale 17, alikuwa ameukuza mtindo wake katika miaka ya 1990 akiwa kwenye mradi wa mfumo wa mishahara wa kampuni ya magari ya Chrysler. Kanuni zake hazikuacha shaka: kila hitaji la mteja liambatane na jaribio litakaloonyesha kwamba limetimizwa, na majaribio yote yaendeshwe tena na tena kadiri msimbo unavyobadilika. Ward Cunningham, aliyekuwapo pia Snowbird, alitengeneza zana iitwayo Fit ili hata mtu asiyejua kuandika msimbo aweze kuandika matarajio yake kwenye jedwali, na programu iyasome na kuyahakiki. Kwa waasisi hawa, kasi na majaribio vilikuwa kifurushi kimoja. Timu nyingi za leo zimefungua kifurushi, zikachukua kasi, zikaacha nusu ya pili.

Kwa nini nusu hiyo ya pili haiachiki? Tufanye hesabu. Chukua mfumo wa kawaida wenye vipengele 200 vya kukaguliwa: kuingia, kubadilisha nywila, kujaza ombi, kupakia cheti, kulipa, kuchapisha risiti na kadhalika. Tuseme mtu mmoja anakagua kila kipengele kwa dakika 5, ambazo ni chache. Hizo ni dakika 1,000, karibu saa 17, yaani siku mbili nzima za kazi kwenye kivinjari kimoja. Watumiaji hawatumii kivinjari kimoja. Akirudia kwenye vivinjari vitatu, zinakuwa siku sita na ushei, na mzunguko wa wiki mbili una siku 10 tu za kazi. Baada ya mwaka mfumo umekua, vipengele vimefika 400, na ukaguzi kamili unahitaji zaidi ya siku 12. Hapo ukaguzi umeuzidi mzunguko wenyewe, na hakuna bidii ya mtu itakayouzuia. Kinachotokea ni kile ambacho kila aliyefanya kazi hii anakifahamu: anayekagua anaanza kuchagua. Anakagua kilichobadilishwa wiki hii, na vilivyobaki anaviachia imani. Kila kipengele kipya kinaongeza mzigo wa ukaguzi wa mizunguko yote inayofuata, ilhali idadi ya wakaguzi ni ile ile. Programu inayojaribu programu ndiyo njia pekee ninayoifahamu ya kuifanya hesabu hii ikubali, kwa sababu inaweza kupitia vipengele vyote 400 usiku watu wakiwa wamelala, na usiku unaofuata ikarudia bila kuchoka na bila kuruka hatua.

Mtu akitaka kuona gharama ya kujaribu kwa kuchelewa, ushahidi uko wazi katika kumbukumbu za Bunge la Marekani. Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya nchi hiyo ilifungua tovuti ya HealthCare.gov, ambako wakazi wa majimbo 36 walitarajiwa kununua bima ya afya. Mamilioni ya watu waliifungua. Kumbukumbu za ndani zilizotolewa baadaye na kamati ya Bunge zilionyesha kwamba siku ile ya kwanza waliofanikiwa kukamilisha uandikishaji walikuwa watu sita. Tarehe 24 Oktoba wakandarasi wakuu waliitwa kuhojiwa, wakaeleza kwamba mfumo mzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, ulijaribiwa kwa pamoja katika wiki mbili za mwisho tu kabla ya kufunguliwa, na kwamba miezi ndiyo ingefaa. Kila mkandarasi alikuwa amejaribu sehemu yake. Safari ya mwananchi, tangu anapoandika jina lake hadi kampuni ya bima inapompokea, ilikuwa haijapitiwa vya kutosha na yeyote. Na kuna jambo lililonigusa zaidi ya zile kurasa zilizokwama. Baadhi ya watu waliona ukurasa ukiwaambia kwamba wamekwisha kuandikishwa, lakini taarifa iliyofika kwenye kampuni ya bima ilikuwa imeharibika: nyingine zimerudiwa, nyingine zinamwonyesha mwenzi wa ndoa kama mtoto. Mwezi Desemba maafisa wenyewe walikiri kwamba takriban robo ya taarifa zilizotumwa Oktoba na Novemba zilikuwa na makosa. Hili lina fundisho kwa anayeandika majaribio. Jaribio linaloishia pale ukurasa unapoandika “umefanikiwa” limekagua maandishi ya ukurasa. Linatakiwa liende hadi upande wa pili, likaisome taarifa iliyopokelewa na kuithibitisha.

Utasikia watu wakisema: ule ulikuwa mradi mkubwa mno, wenye siasa nyingi, na wala haukuwa wa mizunguko mifupi. Ni kweli. Lakini tatizo la kubadilisha kitu hapa na kuvunja kingine kule halitegemei ukubwa wala siasa. Kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta, ilipoteza zaidi ya dola milioni 460 katika dakika kama 45 asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2012. Huo haukuwa mfumo wa tovuti, lakini ripoti ya tume inayosimamia masoko ya hisa inafaa kusomwa na kila mwandishi wa programu. Msimbo mpya ulikuwa umewekwa kwenye seva saba kati ya nane. Ile ya nane ilibaki na kipengele cha zamani kilichoachwa kutumika miaka mingi, nacho kikaamka. Mwaka 2005 waandishi walikuwa wamehamisha sehemu ya msimbo iliyokuwa ikikiambia kipengele hicho lini kiache kutuma oda, na baada ya kuihamisha hawakukijaribu tena. Miaka saba ikapita. Kauli ya “sehemu ile hatujaigusa” ndiyo inayosikika sana katika vikao vya timu, na ndiyo ambayo majaribio yanayojiendesha hayaikubali: yanapita kila mahali, paliposemwa pameguswa na paliposemwa hapajaguswa.

Zana za kazi hii hazikuanzia kwenye nadharia. Mwaka 2004 Jason Huggins, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya ThoughtWorks mjini Chicago, alikuwa kwenye timu iliyotengeneza mfumo wa ndani wa kuandikia saa za kazi na matumizi ya wafanyakazi. Kurudia hatua zile zile kwa mkono kwenye kila toleo kulimchosha, akaandika programu ya kuendesha kivinjari kwa niaba yake. Programu hiyo ikawa Selenium. Simon Stewart akatengeneza nyingine iitwayo WebDriver, iliyoongea na kivinjari kwa njia ya moja kwa moja zaidi, na baadaye kazi hizo mbili zikaunganishwa. Mwezi Juni 2018 shirika la W3C, linaloweka kanuni za mtandao, likaipitisha WebDriver kuwa kiwango rasmi. Nayo Microsoft ilitoa Playwright mwaka 2020. Zote mbili, Selenium na Playwright, ni programu huria: kijana wa Mwanza au wa Bujumbura anazipakua bila leseni ya kulipia, na anapata kile kile anachotumia mhandisi wa Chicago. Utendaji wa zana hizi si wa kutisha. Unaiambia programu ifungue ukurasa fulani, itafute kisanduku chenye lebo “Jina la ukoo”, iandike jina, ibonyeze “Endelea”, isubiri hadi ukurasa wa malipo uonekane, kisha isome kiasi kilichoandikwa na kukilinganisha na kile kinachopaswa kuwapo. Kikilingana, jaribio limefaulu. Kisipolingana, toleo jipya haliendi hewani mpaka sababu ijulikane.

Utajiri wa kazi hii hauko kwenye zana. Uko kwenye swali la kipi kijaribiwe, na hapo sisi wa Afrika Mashariki tuna mengi ambayo hakuna mgeni atakayetuandikia. Fikiria majina yetu. Kuna Ng'ang'a, kuna Nyang'oro, kuna Ng'eno, na wote wana ile alama ya ritifaa katikati ya jina. Katika lugha inayotumika kuongea na hifadhidata, alama hiyo hiyo ndiyo inayofungua na kufunga maandishi. Msimbo ulioandikwa bila uangalifu ukipokea jina Ng'ang'a unadhani maandishi yamekwisha pale penye alama, na ombi zima linakataliwa. Ubaya zaidi, mlango huo huo ndio ambao wahalifu wa mtandao wanautumia kuingiza amri zao. Fomu nyingine zinaikataa alama hiyo waziwazi na kumwambia mtu kwamba jina lake si halali. Jaribio moja linalojaza jina Ng'ang'a kwenye kila fomu ya mfumo, kila usiku, linalinda heshima ya familia nyingi na usalama wa hifadhidata kwa wakati mmoja. Fikiria pia namba za simu. Kwa miaka mingi namba za simu za mkononi nchini Kenya zilianza na 07, na waandishi wa fomu wakaiandika kanuni hiyo ndani ya msimbo. Mwaka 2019 zikaja namba zinazoanza na 01. Fomu yoyote iliyobaki na kanuni ya zamani ilikuwa inamfungia nje mteja mwenye namba halali kabisa. Timu yenye majaribio ingeongeza mstari mmoja wenye namba mpya, ikaendesha, na kabla ya chakula cha mchana ingekuwa na orodha ya kurasa zote zinazoikataa. Isiyo nayo ingesubiri malalamiko yaje yenyewe, na mengi hayaji, kwa sababu mtu aliyekataliwa na fomu mara mbili huondoka tu.

Sasa niyajibu mapingamizi, na nianze na lile zito kuliko yote. Wanaoyapinga majaribio haya, na wengi wao ni watu waliowahi kuyaandika, wanasema yanadanganya. Leo jaribio linafaulu, kesho linafeli, keshokutwa linafaulu tena, na hakuna mtu aliyegusa kitu. Hawasemi uongo. Mwaka 2016 wahandisi wa Google walitangaza kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yao yalikuwa na kiasi fulani cha kigeugeu hicho, na kwamba kati ya matukio ya jaribio lililokuwa likifaulu kuanza kufeli, asilimia 84 yalihusisha jaribio la aina hiyo. Kama kampuni yenye wahandisi wengi kiasi kile inahangaika, timu ya watu watano ina haki ya kusita. Jaribio geugeu ni mbwa anayembwekea kila mpita njia. Mwenye nyumba huacha kuamka, na siku mwizi akija kubweka hakusaidii. Lakini tukichunguza chanzo cha kigeugeu hicho tunakuta mara nyingi ni uandishi mbovu unaoweza kurekebishwa. Mwandishi ameiambia programu isubiri sekunde tatu, na siku mtandao ukiwa mzito ukurasa unachukua nne. Alitakiwa kuiambia isubiri mpaka kitufe kionekane. Au amekitafuta kitufe kwa mahali kilipo, cha tatu kutoka juu, na mbunifu wa kurasa amekisogeza. Alitakiwa kukitafuta kwa jina analoliona mtumiaji. Au majaribio mawili yanatumia akaunti moja na kuvurugiana. Kila moja lilitakiwa kujitengenezea data yake na kuifuta likimaliza. Timu inayotaka kuyaamini majaribio yake inalitoa jaribio geugeu kwenye orodha siku hiyo hiyo, inalitengeneza, ndipo inalirudisha. Na isiyatie yote kwenye kivinjari. Mike Cohn, katika kitabu chake cha mwaka 2009, alichora piramidi: chini kabisa majaribio mengi madogo ya vipande vya msimbo, katikati yale ya huduma, na juu kabisa machache yanayopita kwenye kurasa zenyewe. Hayo machache ya juu yawe zile safari ambazo zikikatika huduma imekufa: kuingia, kuomba, kulipa, kupata stakabadhi.

Pingamizi la pili ni la mfuko. Kampuni ndogo ya Nairobi au Dar es Salaam imeshinda zabuni kwa bei ya chini, mteja anahesabu siku, na fedha ya awamu ya kwanza imekwisha kwenye mishahara. Wapi pa kutoa muda wa kuandika majaribio? Nalielewa shinikizo hilo na silidharau. Lakini muda huo utalipwa tu, kinachobadilika ni siku ya kulipa. Hitilafu ikionekana saa moja baada ya mwandishi kubadilisha msimbo, bado anakumbuka alichofanya, naye anairekebisha pale pale. Ikionekana baada ya miezi mitatu, kwa simu ya mteja aliyekasirika, kwanza itafutwe, kisha atafutwe aliyeiandika, ambaye pengine amekwisha hama kampuni, halafu data iliyoharibika kwa miezi hiyo isafishwe rekodi moja moja. Kampuni ndogo ndiyo isiyoweza kubeba gharama hiyo ya pili. Tena haihitaji kuanza na majaribio 400. Ianze na matano, ya safari zile kuu, na iweke desturi kwamba kila hitilafu inayoripotiwa inaandikiwa jaribio kabla haijarekebishwa. Kwa desturi hiyo majaribio yanaongezeka pale ambapo mfumo umeonyesha wenyewe kwamba ni dhaifu, na hitilafu iliyozikwa haifufuki kimyakimya.

Kuna wanaohofia ajira za wajaribu, na kuna wanaosema, kutoka upande mwingine, kwamba majaribio hayathibitishi lolote. Nawajibu pamoja, kwa kuwa jibu lao linatoka mahali pamoja. Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi, alikwisha kuonya tangu miaka ya 1960 kwamba kujaribu kunaweza kuonyesha kuwa kasoro zipo, hakuwezi kuonyesha kuwa hazipo. Onyo hilo linasimama mpaka leo. Jaribio linajua lile tu ambalo mwandishi wake alilifikiria. Haliwezi kushangaa. Haliwezi kuona kwamba maelezo ya fomu yameandikwa kwa Kiswahili kisichoeleweka, au kwamba bibi wa miaka 70 hatajua kwamba ile picha ndogo ya pembeni ni kitufe. Hapo ndipo kazi ya mjaribu binadamu ilipo, na ni kazi inayohitaji akili, subira na kuwajua watu. Mjaribu anayeshinda siku nzima akiingiza nywila ile ile kwenye ukurasa ule ule ananyimwa nafasi ya kuifanya. Mpe mashine marudio, naye mpe muda wa kuuzungukia mfumo kama mtu mgeni, kuuliza maswali yasiyotarajiwa na kukaa na watumiaji. Atakayoyagundua ndiyo yatakayokuwa majaribio ya mzunguko ujao.

Pingamizi la mwisho ni la kisasa zaidi: siku hizi tunaweza kuweka toleo hewani na kulirudisha ndani ya dakika chache, basi tuliangalie likiwa kazini, likivunjika tulirudishe. Kwa ukurasa wa matangazo, sawa. Kwa malipo, kwa cheti cha kuzaliwa, kwa ombi lenye tarehe ya mwisho, toleo linarudi lakini pesa iliyokatwa mara mbili na ombi lililopotea haviji nalo. Hapa sina la kuongeza.

Ninalotaka kulisema kwa mkazo ni kwa wale wanaoagiza mifumo: wakurugenzi wa halmashauri, wakuu wa vyuo, mameneja wa benki na wa vyama vya ushirika, maafisa ugavi wanaoandika zabuni. Ninyi ndio mnaoshika ufunguo, maana mwandishi wa programu hufanya kile ambacho mkataba unakilipia. Zabuni zinataja idadi ya vipengele, tarehe ya kukabidhi, mafunzo ya watumiaji. Ongezeni kifungu kimoja: kwamba majaribio ya utendaji ni sehemu ya kazi, yana bei yake, na yanakabidhiwa pamoja na msimbo yakiwa mali ya taasisi. Siku ya makabidhiano msikubali kuonyeshwa picha za kurasa ukutani. Ombeni majaribio yaendeshwe mbele yenu, na mkae hadi la mwisho. Leteni majina ya wananchi wenu halisi, yenye ritifaa na yasiyo nayo, leteni namba za simu za mitandao yote, kisha waambieni waongeze jaribio moja papo hapo. Timu iliyofanya kazi yake italiongeza mkiwa bado mmekaa. Isiyoweza kuliongeza haijamaliza kazi, na malipo ya mwisho yasitoke.